Besi Isiyo na Jina Kichwani

Besi ya kiwandani huwa na bei kabla haijapata muuzaji. Taja jina lililoandikwa kichwani mwake na mwaka wa kutengenezwa, na mtu aliye Mwanza ambaye hajaiona atakwambia mpya inakwenda kwa kiasi gani, iliyotumika kiasi gani, na kama pikapu za kunasa sauti zimebadilishwa atakukata kiasi gani. Besi iliyochongwa na fundi mmoja, kwa mbao alizochagua mwenyewe, haina bei hiyo. Kichwa chake ni kitupu. Ukiisimamisha mbele ya mnunuzi, macho yake hupanda kichwani kwanza, yakakosa cha kusoma, kisha hukugeukia wewe. Tangu hapo anakagua vitu viwili, na gitaa ni cha pili.

Yangu ilichongwa Dar es Salaam na seremala aliyejifunza magitaa kwa kufufua yaliyovunjika. Mwili ni mninga, shingo ni mkangazi, na ubao wa vidole ni mpingo, ule mti ambao ukiutupa majini unazama. Mpingo mwingi unaokatwa kusini mwa nchi yetu huishia Ulaya kuwa klarineti na oboe. Hiki kipande kilibaki nyumbani, kikabanwa juu ya shingo ya besi na kupigiwa freti za chuma. Nimeipiga hotelini, kwenye harusi, kwenye misiba ya wanamuziki wenzangu, na katika kumbi ambazo sasa ni maghala ya vigae. Rangi imelika pale mkono wa kulia unapoegemea. Mgongoni kuna mikwaruzo ya bizimu la mkanda. Juu ya pikapu, mahali kidole gumba kinapotulia, kuna kishimo ambacho fundi hakukichimba.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tunaambiwa. Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuuza chombo cha muziki kisicho na jina. Cha aina hiyo, hata kiwe kizuri namna gani, lazima ukitembeze, tena ukitembeze kwa maneno.

Dalali wa kwanza aliyenipigia simu hakutaka maneno. “Braza, ni kampuni gani?” Nikamwambia si ya kampuni, ni ya mkono. Kimya kidogo, halafu: “Aa, ya kienyeji.” Akataja laki mbili, na kwenye hizo yeye achukue chake. Sikumkasirikia. Dalali anauza vitu kumi kwa siku na hana muda wa kujifunza kila kimoja. Jina la kampuni linamsaidia kunyamaza. Lakini aliniamulia jambo moja: kama itauzwa, itauzwa na mimi, mkono kwa mkono, kwa mtu atakayekaa nayo kwenye kiti na kuisikiliza.

Ukitaka kuelewa kwa nini jina lina thamani kiasi hicho, mwangalie Leo Fender. Huyu alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, na wala hakuwa mpiga gitaa. Kuna waliojaribu kutengeneza besi ya umeme kabla yake. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa na besi ya umeme yenye freti tangu miaka ya 1930. Ila ile ya Fender ya mwaka 1951, Precision, ndiyo iliyoingia duniani ikakaa. Shingo yake haikuunganishwa kwa gundi, ilifungwa kwa skrubu nne. Ikipinda, fungua, weka nyingine. Pikapu ikiungua, fungua, weka nyingine. Uzi wake, kutoka kichwani hadi darajani, una inchi 34, na kipimo hicho kimekuwa cha wengi, hata fundi wangu wa Dar es Salaam alikifuata. Ni akili ya fundi wa matengenezo: chombo kinachozaliwa kikijua kwamba kitaharibika. Tunaposema besi ya kiwandani inashika bei, tunachosema hasa ni kwamba kipuri chake kipo.

Cha kwangu hakipo. Koili ya pikapu ilisukwa na fundi mwenyewe, maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na siku ikikatika hakuna duka Kariakoo litakalokuuzia nyingine inayoingia kwenye tundu lile. Utaenda kwa wale vijana wanaosuka mota za feni, umweleze mmoja wao, akutazame, na kama ana moyo wa kujaribu atakusukia. Nilimwambia hivyo kila aliyekuja. Wawili waliondoka papo hapo. Wa tatu aliuliza fundi huyo wa feni anakaa wapi, na hapo nikajua nazungumza na mpiga besi.

Kuna mafundi wa namna hii kwingine. Kinshasa, katika mtaa wa Lemba, yupo Misoko, ajulikanaye zaidi kama Socklo, ambaye kwa miongo ametengeneza magitaa ya umeme kwa mikono yake, kwa kile kinachopatikana. Wanamuziki wa kule hawaulizi kampuni, maana wanajua fundi ni nani na wapi pa kumpata ukilia kwake. Jina lake linafanya kazi ya nembo. Fundi wangu mimi hakuwa maarufu, na sasa ameacha kazi, macho hayaoni tena uzi wa sindano. Kwa hiyo mdhamini aliyebaki ni mimi, na mimi ndiye ninayetaka pesa. Mnunuzi mwenye akili lazima aone tatizo lililopo hapo.

Swali linalokuja mapema kuliko yote si la mbao wala la sauti. Ni “Kwa nini unauza?” Muuzaji wa chombo cha muziki hudhaniwa ana shida: ada, mgonjwa, au pombe. Ukisema huna shida, bei inapanda machoni pa mnunuzi lakini imani inashuka. Mimi nilisema ukweli wenyewe, ambao hauna mvuto wowote. Mninga ni mzito, bega la kushoto limechoka, na kazi za usiku nimeziacha. Kwenye hoteli nyingi siku hizi mtu mmoja na kinanda chake anapiga besi kwa mkono wa kushoto, na wageni wanaendelea kula.

Sipendi kulalamika juu ya hilo, kwa sababu moja. Wapiga besi wengi walionitangulia hawakuwa na besi ya kuuza. Enzi za dansi vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa shirika. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na yao, JKT na yao, Bima na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, analipwa mshahara, na gitaa ni kama taipureta ya ofisini: ukiacha kazi, unaliacha mezani. Na watu walihama sana. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipowavuta baadhi ya wanamuziki wa Mlimani Park kwenda kuunda International Orchestra Safari Sound, walichoondoka nacho kilikuwa vichwani na vidoleni. Besi ya bendi haikuwa na mtu wa kuhama naye. Aliyefuata aliikuta stoo, na alama za kidole gumba cha mwenzake.

Mtu angeweza kupiga besi maisha yake yote ya kazi, nchi nzima ikacheza juu ya vidole vyake kila Jumamosi kupitia redio, akastaafu bila hata uzi mmoja wa kumwonyesha mjukuu. Hao ndio niliowafikiria wakati jirani yangu aliponipa pole kwa kuuza. Sikuona cha kupewa pole. Kuuza ni haki ya mwenye mali, na katika kazi yetu mali ilichelewa sana kufika kwa mpigaji.

Wanunuzi basi. Alikuja mwenye hoteli ndogo ya ufukweni. Alitaka kuitundika ukutani, mapokezi, pamoja na ngoma na kinyago. Hakuichomeka popote, hakuuliza koili wala shingo, aliipiga picha na simu na kusema imekaa kizee, vizuri sana. Akataja laki tisa, taslimu. Huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na bei niliyoiota. Kwake, besi ile haikuwa na kasoro hata moja, maana haikutarajiwa kulia. Nilimwambia nitampigia.

Nisijifanye muungwana: nilikuwa na nia ya kumpigia. Laki tisa ni laki tisa.

Alikuja mwingine kutoka Nairobi, anapiga kwenye bendi ya kanisa kubwa, akaipenda, akaogopa mpaka. Alikuwa amesikia kwamba mpingo unakamatwa. Kweli, tangu Januari 2017 jamii yote ya mti huo imo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na wanamuziki duniani kote walihangaika na vibali kwa filimbi na magitaa yao wenyewe. Lakini tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeachiwa. Nilimweleza, akatikisa kichwa, akasema afisa wa mpakani hatasoma mkataba, atasoma gitaa. Sikuwa na jibu. Huyo naye alirudi kwenye jambo lile lile: kichwa kingekuwa na jina, afisa angekuwa na cha kusoma.

Kisha akaja kijana na mama yake. “Shikamoo mzee.” Marahaba. Mama akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani, na macho yake yakawa kwangu muda wote. Kijana alishughulika na besi. Vijana wanaojua besi siku hizi wengi wametoka kanisani, na wanajua kweli. Kwaya na bendi za injili zimekuwa chuo chao. Aliishika kwa kitako, akachungulia urefu wa shingo kutoka darajani hadi kichwani kuona kama imepinda. Akabonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, akatazama nafasi iliyobaki katikati. Akazungusha kitufe cha sauti kabla ya kupiga noti yoyote, kusikia kama kinakwaruza. Kinakwaruza. Nilikuwa nimesema, naye alikuwa anahakikisha. Kisha akaanza kupanda, freti moja baada ya nyingine, uzi baada ya uzi, polepole, kila noti akiiacha ilie mpaka iishe yenyewe.

Nilijua anakokwenda. Kwenye uzi mwembamba, freti ya tano, noti ya C, akasimama. Akaipiga tena. Noti ilianza vizuri, ikadumu kama nusu ya wenzake, ikafa.

Hapo ndipo muuzaji anapimwa. Kuna maelezo ya kisayansi, nayo ni ya kweli: kila shingo ina mtetemo wake, na noti ikiangukia kwenye mtetemo huo, shingo inanyonya nguvu ya uzi na sauti inakatika mapema. Besi nyingi zenye shingo ya mbao zina mahali kama hapo, mara nyingi kwenye uzi huo mwembamba, kati ya freti ya tano na ya saba, zikiwemo za majina makubwa. Ukibana kitu kizito kichwani, mahali pale panahama kidogo. Ningeweza kuanza na sayansi hiyo, na kijana angeitikia kwa heshima. Lakini kuanza nayo ni namna ya kuficha kitu huku unakionyesha.

Sisi wa pwani tumelelewa karibu na sheria ya biashara ambayo haina mzaha kwenye jambo hili. Katika fiqhi, muuzaji anayeijua ila ya bidhaa anatakiwa aibainishe. Akiificha, mnunuzi ana hiari ya kurudisha mali na kudai chake. Mjomba wangu aliyekuwa na duka la vitambaa alikuwa akifunua jora mpaka mahali palipoliwa na panya, anaweka kidole, ndipo anataja bei. Nilidhani anapoteza fedha. Wateja wake walikuwa wakimtuma mtoto na pesa bila kuja wenyewe.

Nikamwambia kijana: hiyo noti haidumu, haijawahi kudumu, na hakuna wa kuitibu. Ichukue kwenye uzi wa pili, freti ya kumi, ni noti ile ile. Akaijaribu. Ikalia nene zaidi, ya kifua, ikakaa. Akatabasamu kidogo, akarudia mstari wake kwa njia hiyo, mkono ukapanda shingoni mahali ambapo asingeenda kwa hiari.

Na nilipomtazama nikaona kitu ambacho sikuwa nimekijua juu yangu. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikisifiwa, pale niliposifiwa, kwa besi inayopanda juu bila kutarajiwa, inayoacha chini wazi ili solo na rizimu viongee, kisha inashuka. Nilidhani ni mtindo wangu. Kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa kukwepa C ile. Mkono ulijifunza njia ya kuzunguka shimo, na njia ikawa tabia. Hata nikishika besi ya mtu mwingine, isiyo na kasoro hiyo, bado mkono wangu wa kushoto huikimbia freti ya tano. Kijana anaondoka na mninga na mpingo. Ila ya besi nimebaki nayo mimi, na yeye atalazimika kujitafutia yake.

Huenda ndiyo sababu sauti za wakubwa hazikupatikana hata vyombo vyao vilipopatikana. Mmarekani James Jamerson, aliyebeba nyimbo za kampuni ya Motown mgongoni, alikuwa na Precision ya mwaka 1962 ambayo hakupenda kuibadilishia nyuzi. Iliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983 na haijaonekana tena. Mwenzake Jaco Pastorius alikuwa na Jazz Bass ya Fender ya 1962 iliyong’olewa freti, ubao wake ukapakwa gundi ngumu ya kutengenezea mashua, ikavunjwa vipande na kuunganishwa upya. Hiyo ilitoka kiwandani, lakini kufikia mwisho ilikuwa ya mkono kuliko yangu. Iliibwa New York mwaka 1986, ikaibuka miaka mingi baadaye, na mwaka 2010 Robert Trujillo wa Metallica akasaidia familia kuirudisha. Wengi wameishika tangu hapo. Jaco hajasikika.

Tukafika kwenye bei, na hapo mama akaamka. Alikuwa amesikia kila neno: kitufe kinakwaruza, pikapu haina kipuri, noti imekufa. Alizipanga kasoro zangu mezani kwa utaratibu, kwa sauti ya upole, moja moja, zote nilizompa mwenyewe. “Sasa baba, bei ya mwisho?” Nikamwambia laki saba. Akasema nne. Nikamwambia mninga huo peke yake, mkavu wa miaka mingi, haupatikani tena sokoni. Akasema wao hawanunui kitanda. Nilicheka, na ukicheka kwenye mapatano umeshapoteza laki moja.

Tukakubaliana laki sita, nne sasa na mbili mwisho wa mwezi. Mwenye hoteli angetoa tisa, na tofauti hiyo ni ada ya mtu. Sina maelezo mazuri ya kwa nini sikuinua simu, isipokuwa kwamba maelezo yote niliyokuwa nayo juu ya besi ile, na ndiyo yaliyokuwa thamani yake, mwenye hoteli asingekuwa na kazi nayo. Ningemuuzia mbao. Nilimwonyesha kijana jinsi shingo inavyotaka kurekebishwa masika yakiingia, unyevu unapoivuta mbele, robo mzunguko tu kwenye kile chuma cha ndani, si zaidi. Aliniambia anakwenda chuo Dodoma. Basi kule kukavu itakuwa kinyume: mbao itasinyaa, chuma hakisinyai, na ncha za freti zitajitokeza pembeni zikuchome kiganja. Usiogope, mpelekee fundi azipige tupa. Mama aliuliza tupa ni bei gani.

Iliyobaki ilikuwa karatasi. Niliandika hati ya mauziano kwa mkono, kwenye ukurasa wa daftari la mwanangu: jina langu, jina lake, tarehe, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Nilipofika kwenye maelezo ya mali nikakwama. Gitaa la kiwandani lina namba. Ukiibiwa, unakwenda kituoni na namba. Hili niandike nini? Nikaandika gitaa moja la besi, la umeme, la kutengenezwa kwa mkono, nyuzi nne, mninga, mkangazi na mpingo, lililotumika. Kijana alisoma begani kwangu. Akasema, mzee, ongeza na ile C ya uzi wa kwanza kwamba haidumu. Nikamuuliza anataka ya nini kwenye hati, si ameshaisikia. Akasema polisi hawatapata nyingine yenye kasoro hiyo hiyo mahali hapo hapo. Na siku akija kuiuza yeye, hataki kuulizwa kama alijua.

Nikaiandika. Mama akasaini kama shahidi.